Daftari la 1625 mbele ya watoto wa miaka tisa

Katika jimbo la Virginia, mtoto akifika darasa la nne anasomeshwa historia ya jimbo lake kuanzia mwanzo, na mwanzo wenyewe, katika vitabu vingi, ni merikebu tatu: Susan Constant, Godspeed na Discovery. Zilitoka London Desemba 1606, zikatia nanga katika mto James mwezi Mei 1607, zikateremsha wanaume na wavulana 104, na hapo ikaanza Jamestown, makazi ya kwanza ya Waingereza yaliyodumu katika nchi ambayo leo ni Marekani. Watoto wanayakariri majina hayo kama wanavyokariri jedwali la kuzidisha. Wanaulizwa, wanajibu, wanasahau.

Mimi ni Mtanzania na ninafundisha darasa hilo la nne, katika mji ambao wakimbizi wengi wamepewa makao. Kila mwaka ninapata watoto ambao nyumbani kwao kunazungumzwa Kiswahili. Wengi wazazi wao walitoka Kivu, wakakaa miaka na miaka Nyarugusu kule Kigoma au Nakivale kule Uganda, na baadhi ya watoto walizaliwa humo humo kambini. Wanakaa dawati moja na mtoto ambaye ukoo wake umekuwa Virginia tangu zama za wafalme wa Uingereza, na mwingine ambaye mama yake amewasili majuzi kutoka Honduras. Wote wanatakiwa waisome historia moja.

Ninaandika kwa sababu wazazi wenzangu wanaozungumza Kiswahili huku Marekani huniuliza watoto wao wanafundishwa nini hasa. Ninaandika pia kwa sababu kuna jambo ninaloliamini kwa moyo wote: mtoto wa miaka tisa anaweza kuubeba ukweli wa historia hii, hata ule mzito, mradi umpe mtu mmoja mwenye jina, na umpe karatasi aichunguze mwenyewe. Usipompa hayo, atabaki na tarehe za kukariri au hofu ya kulala nayo.

Ndiyo maana mimi sianzi na merikebu. Ninaanza na mito. Ninabandika ukutani ramani kubwa isiyo na miji wala barabara, tunaipaka rangi mito inayomwaga maji katika ghuba ya Chesapeake: Potomac, Rappahannock, Mattaponi, Pamunkey, Chickahominy. Watoto wanayajua majina haya kwa sababu wazazi wao wanapita juu ya madaraja yake. Hawajawahi kuambiwa kwamba ni majina ya watu waliokuwa wakiishi pale, na ambao wazao wao wako pale hata sasa. Nchi yenyewe wenyeji waliiita Tsenacommacah. Mtawala wake, Wahunsenacawh, ambaye Waingereza walimwita Powhatan, alikuwa na jamaa zipatazo 30 chini ya himaya yake, na wanahistoria wanakadiria watu 14,000 hivi au zaidi kidogo. Makao yake makuu yalikuwa Werowocomoco, kando ya mto ambao leo unaitwa York. Wanawake ndio waliolima mahindi, maharage na maboga, na ndio waliojenga nyumba, kwa fito zilizopindwa na kuezekwa mikeka au magome ya miti.

Tunakaa hapo wiki nzima kabla Mwingereza yeyote hajatokea. Baadhi ya walimu wenzangu wanaona ninachelewa. Mimi naona utaratibu wa kusimulia ni nusu ya somo. Ukianza na merikebu, mtoto anasimama sitahani, anatazama pwani, na wenyeji ni vivuli msituni. Ukianza na mashamba, mtoto yuko nyumbani kwake anakoka moto, na merikebu ni jambo geni linalokuja kutoka baharini. Siku Waingereza wanapofika hatimaye, darasa langu huwa lina maswali ambayo kitabu hakijayatarajia. Wamekuja kufanya nini? Mbona hakuna wanawake? Wameomba ruhusa kwa nani?

Jibu la swali la kwanza linawashangaza. Waingereza wale walitumwa na kampuni, Kampuni ya Virginia ya London, ambayo wenye hisa wake walitaka faida: dhahabu, au njia ya kwenda Asia. Walichagua kisiwa chenye kinamasi kwa kuwa maji ya kando yake yalikuwa ya kina, merikebu zikaweza kufungwa hadi kwenye miti, na kwa kuwa kilikuwa kimejificha ndani ya mto, mbali na macho ya Wahispania. Wenyeji walikuwa hawajakijenga. Palikuwa na sababu. George Percy, mmoja wa waliofika na kundi la kwanza, aliandika kwamba maji ya mto yalikuwa ya chumvi bahari ikijaa na ya tope na uchafu ikipwa.

Hapo ninaleta bilauri. Ninachanganya chumvi kidogo kwenye maji safi, kila mtoto anaonja tone moja kwa kijiko chake. Nyuso zao zinakunjamana, wengine wanakimbilia ndoo ya taka. Kisha ninawaambia: mwezi wa saba, jua kali, umevaa sufu, unachimba mitaro ya ngome, na haya ndiyo maji yako ya kunywa. Newport, nahodha aliyewaleta, aliporudi kutoka Uingereza Januari 1608, kati ya wale 104 aliwakuta hai 38. Baada ya kile kijiko, tarakimu hiyo hawaisahau.

Kisha ukame. Wanasayansi waliosoma pete za miti ya kale ya sipresi inayoota kwenye vinamasi vya eneo hilo walikuta kwamba miaka ya 1606 hadi 1612 ilikuwa mikavu kuliko kipindi kingine chochote kama hicho katika karne zaidi ya saba. Hili ni jambo la msingi kabisa, na vitabu vya watoto hulipita kwa sentensi moja au hulisahau. Waingereza walikuja bila chakula cha kutosha, wakataka mahindi kwa watu ambao mavuno yao nao yalikuwa mabaya. Ukiwaeleza hivyo, watoto wanauelewa ugomvi bila kuhitaji mzungu mwema na mwenyeji mkali, au kinyume chake. Watoto wangu waliotoka kambini wanalielewa haraka zaidi. Wanajua posho ikipunguzwa majirani hutazamana vipi. Majira ya baridi ya 1609 kuingia 1610 yalipokwisha, ngomeni walibaki watu kama 60 kati ya karibu 300.

Juu ya njaa ile ninasema walikula farasi, mbwa na panya, kama walionusurika walivyoandika. Mtoto akiniuliza zaidi, kama walikula na maiti za watu, kwa sababu amekwisha kuona kitu kwenye simu ya kaka yake, ninamjibu kwa ufupi na kwa ukweli, kisha tunaendelea. Sioni haja ya kulivuta jambo hilo mbele ya darasa zima. Lakini kumwambia mtoto ‘hilo si kweli’ wakati mifupa imechimbwa na kuonyeshwa katika jumba la makumbusho, hapana.

Pocahontas, binti wa Powhatan, naye anakuja darasani kabla yangu. Watoto wanamjua kwa katuni, mwanamke mrefu mwenye mapenzi na John Smith, mmoja wa viongozi wa Jamestown. Mwaka 1607 alikuwa na umri wa miaka 11 hivi, mkubwa kidogo tu kuliko wao. Hiyo peke yake inabadilisha sura za wasichana darasani. Halafu ninawapa karatasi mbili, nimezifupisha kwa Kiingereza chepesi. Ya kwanza ni yale aliyoyaandika Smith yakachapwa mwaka 1608, miezi michache baada ya kukamatwa na kupelekwa mbele ya Powhatan: anasema alipokewa vizuri, akalishwa, wakazungumza. Msichana wa kumwokoa hayupo. Ya pili ni kitabu chake cha 1624, ambamo ghafla kuna mawe mawili, marungu, na binti wa mfalme anayelaza kichwa chake juu ya kichwa cha Smith. Ninawauliza jambo moja tu: katika miaka hiyo 16 kumetokea nini? Tunaandika ubaoni. Pocahontas alitekwa na Waingereza mwaka 1613, akabatizwa, akaolewa na mkulima wa tumbaku John Rolfe mwaka 1614, akapelekwa London mwaka 1616, akafa Gravesend mwaka 1617. Baba yake alifariki mwaka 1618. Kuna mtoto mmoja aliyetazama ubao kimya, kisha akasema, “Sasa nani atamkatalia?”

Wapo wanahistoria wanaodhani lilitokea jambo fulani kweli, labda sherehe ya kumfanya Smith mtu wa ukoo, naye hakuielewa. Ninawaambia watoto hilo pia. Sihitaji wakubaliane. Ninahitaji wajue kwamba hadithi ina tarehe ya kuandikwa, na kwamba tarehe hiyo ni sehemu ya ushahidi.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote haimo katika mtihani. Mwanzoni mwa 1608 Newport alikuja na mvulana aitwaye Thomas Savage, wa miaka 13 hivi, akamkabidhi kwa Powhatan akaishi naye na ajifunze lugha. Powhatan naye akamtoa kijana wake, Namontack, ambaye alivuka bahari mwaka huo huo akaiona London. Mwaka uliofuata akaja mvulana mwingine, Henry Spelman, wa miaka 14, naye akapelekwa kuishi na wenyeji. Savage alibaki mkalimani maisha yake yote. Spelman aliuawa mwaka 1623 akiwa katika biashara kwenye mto Potomac. Wavulana hawa waliwekwa katikati ya mataifa mawili yenye silaha, na mara nyingi amani ya siku ilitegemea watakavyoliweka neno.

Niliuliza darasa: Powhatan amesema jambo ambalo litawakasirisha Waingereza, na wewe Thomas ndiye unayetafsiri, utafanyaje? Watoto wengi walisema watatafsiri kama lilivyo, kwa kuwa kudanganya ni vibaya. Msichana mmoja ambaye wazazi wake wametoka Kivu akainua mkono. “Ningelipunguza,” alisema. “Mama akikasirika kliniki, mimi huwa nalipunguza.” Darasa likageuka kumtazama. Akaanza kuwaeleza jinsi anavyokaa kati ya mama yake na daktari, jinsi asivyojua jina la kiungo fulani kwa Kiingereza akakigusa mwilini mwake, jinsi siku moja alivyoombwa aseme jambo ambalo mtoto hapaswi kulisema kwa mzazi wake. Nilimwacha azungumze hadi kengele ikalia. Watoto kadhaa wa Kihonduras walikuwa wakiitikia kwa kichwa muda wote. Mtoto huyu, ambaye Kiingereza chake cha kuandika bado kinasuasua, ndiye aliyekuwa mtaalamu wa mwaka 1608 mle ndani, na wenzake walilijua hilo.

Basi tunafika 1619.

Mwaka huo, tarehe 30 Julai, wawakilishi wa makazi ya Virginia walikutana katika kanisa la Jamestown. Lilikuwa baraza la kwanza la kuchaguliwa katika makoloni ya Kiingereza ya Marekani, na vitabu vinaliita mbegu ya demokrasia ya nchi hii. Wiki chache baadaye, mwishoni mwa Agosti, merikebu White Lion ilifika Point Comfort, mahali ambapo leo ni mji wa Hampton. Ilikuwa na Waafrika “ishirini na kitu”, kama alivyoandika John Rolfe yule yule, na gavana na mfanyabiashara mkuu wa koloni wakawanunua kwa chakula. Watu hao walikuwa wameporwa baharini kutoka kwenye merikebu ya Kireno, São João Bautista, iliyopakia watu wapatao 350 Luanda na kuelekea Veracruz, Mexico. Wengi wao huenda walitoka katika ufalme wa Ndongo, katika Angola ya leo, ambao Wareno walikuwa wakiupiga vita miaka hiyo hiyo. Siku chache baada ya White Lion ikafika merikebu ya pili, Treasurer, iliyokuwa imeshiriki uporaji ule.

Matukio haya mawili ninayafundisha wiki moja. Kuyatenga ni kumdanganya mtoto, kwa sababu yalitokea kiangazi kimoja, mto mmoja, na watu walewale walihusika. Watoto wa Kikongo hukimbilia ramani kutafuta Luanda, wakiona iko jirani na nchi ya wazazi wao wanafurahi, halafu furaha inawaishia wanapokumbuka tunazungumza nini.

Halafu ninatoa daftari. Mwanzoni mwa 1625 koloni lilihesabiwa, kaya kwa kaya. Waliandikwa watu, umri wao, merikebu waliyokuja nayo, halafu mahindi, bunduki, nguruwe, ng'ombe, nyumba. Orodha hiyo ipo hadi leo. Ninanakili kaya moja tu, kwa herufi kubwa: kaya ya kapteni William Pierce wa Jamestown. Yumo yeye, aliyekuja kwa Sea Venture. Yumo mke wake Joan, aliyekuja kwa Blessing. Halafu watumishi: Thomas Smith, miaka 17, merikebu Abigail. Henry Bradford, miaka 35, merikebu Abigail. Ester Ederife, mtumishi wa kike, merikebu Jonathan. Mstari wa mwisho ni mwanamke Mwafrika aliyekuja kwa Treasurer, jina lake limeandikwa Angelo. Ndiye ambaye wanahistoria leo wanamwita Angela.

Kazi yao ni rahisi. Kila kundi lina penseli za rangi tatu. Ya bluu pigia mstari majina, ya kijani umri, ya nyekundu merikebu. Sisemi neno lingine. Wanaanza kwa kelele, rangi zinagombaniwa, na baada ya dakika kama kumi sauti zinabadilika. Thomas ana rangi zote. Henry ana zote. Ester hana kijani, na kundi moja linabishana kama ni kwa sababu ni mwanamke au ni mtumishi au mwandishi alichoka. Joan naye hana. Angela ana jina moja bila la ukoo, na hana umri. Mtoto mmoja akaniletea karatasi mezani, akanionyesha kidole palipo patupu, akasema, “Mwalimu, hapa walisahau.” Nikamwambia arudi akaulize kundi lake kama kweli walisahau.

Hapo ninawaonyesha kaya nyingine, ya kapteni William Tucker, karibu na mdomo wa mto: Anthony, Isabella, na mtoto wao William, amebatizwa. Familia, basi. Baba, mama, mwana. Mtoto mmoja mwenye damu ya Kiafrika anayejulikana kwa jina katika kurasa za mwanzo kabisa za koloni lile. Nao hawana jina la ukoo. Waafrika walioandikwa katika hesabu ile nzima walikuwa 23.

Maswali wanayoandika baada ya hapo ninayahifadhi kila mwaka. Alikuwa na dada? Alikula nini siku ya kwanza? Nani alimfundisha Kiingereza? Mtoto wa Kikongo aliandika swali lililonikaa: “Alizungumza na nani?” Nikamwambia lugha ya Ndongo ilikuwa Kimbundu, na Isabella na Anthony walikuwa wakiishi mbali chini ya mto. Angela alivuka bahari, akapita salama mashambulizi ya wenyeji ya Machi 1622 yaliyoua walowezi 347, akapita njaa iliyofuata, yumo katika orodha ya 1624 na ya 1625, kisha hatumwoni tena katika karatasi yoyote. Kuanzia 2017 wanaakiolojia wamechimba kiwanja cha Pierce alikoishi. Tukienda kwa ziara, watoto wanataka kufika hapo kwanza, kabla ya merikebu za kuigiza zilizofungwa gatini.

Nizungumzie kidogo namna ya kufundisha utumwa kwa watoto wadogo, maana hapa watu huogopa na kukimbilia pande mbili, na zote naona ni mbaya. Upande mmoja ni kuupamba. Vitabu vya shule vya Virginia vya mwishoni mwa miaka ya 1950 vilikuwa na picha ya familia ya Kiafrika juu ya sitaha ya merikebu, wamevaa nguo safi, baba akishikana mkono na mzungu aliyekuja kumpokea. Watoto waliosomeshwa picha ile ni mababu na mabibi wa wanafunzi wangu. Upande mwingine ni kuugeuza mchezo wa kuigiza, mtoto huyu awe bwana, yule awe mtumwa, tufanye mnada. Mambo hayo yametokea katika shule za Marekani zaidi ya mara moja, na kila mara kuna mtoto mweusi aliyesimamishwa mbele ya wenzake kama bidhaa. Mimi siigizi utumwa kwa namna yoyote. Ukatili hauhitaji kuonjwa kama maji ya chumvi.

Ninachofanya ni kufuata sheria, kwa sababu watoto wa umri huu wana hisia kali mno ya haki na isiyo haki. Mwaka 1619 Virginia haikuwa na sheria ya utumwa. Mwaka 1662 baraza lile lile lililoanzia kanisani likapitisha sheria kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake: mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa. Ninaisoma, ninanyamaza. Huwa kuna mtoto atakayesema, “Lakini katoto hakajafanya kitu.” Ndiyo. Hakajafanya kitu. Tunaandika sentensi hiyo chini ya mwaka 1662 na inabaki ukutani hadi shule zifungwe. Mwaka 1705 sheria zote za utumwa zilikusanywa zikawa kanuni moja, na hapo kwa darasa la nne ninaishia.

Kuhusu Plymouth, makazi mengine ya Waingereza kaskazini zaidi, na sikukuu ya shukrani, Thanksgiving, nitapita haraka, ingawa wazazi huuliza hiyo kwanza. Sitengenezi kofia za manyoya ya karatasi. Ninawasimulia habari za Tisquantum, aliyetekwa mwaka 1614 akapelekwa Hispania kuuzwa, akafika London, akarudi mwaka 1619 akakuta kijiji chake, Patuxet, kimefagiliwa na maradhi, na juu ya kijiji hicho ndipo wahamiaji wa merikebu Mayflower walipojenga. Karamu ya 1621 ilikuwepo, siku tatu, na Wawampanoag, wenyeji wa huko, walioketi walikuwa 90 hivi, wengi kuliko Waingereza. Kwetu Virginia kuna jambo la karibu zaidi. Kila mwaka, siku moja kabla ya Thanksgiving, viongozi wa Wapamunkey na Wamattaponi wanakwenda Richmond kwenye nyumba ya gavana wakiwa na kulungu, wanatimiza mkataba wa 1677. Serikali kuu ilikubali kuwatambua rasmi Wapamunkey mwaka 2015, na mataifa mengine sita ya Virginia yakatambuliwa mwaka 2018. Tunatazama picha za kulungu akishushwa kwenye ngazi. Mtoto anayedhani wenyeji waliisha zamani anaona mzee mwenye koti na taji la manyoya akizungumza na gavana mbele ya vipaza sauti, na anagundua ni mtu ambaye anaweza kukutana naye dukani.

Mama mmoja kutoka Uvira alikuja kuniona, amekaa kwenye kiti kidogo cha mwanafunzi, kitenge kimefika sakafuni. “Mwalimu,” akaniambia, “sisi tulikimbia vita ili hawa watoto wapate amani. Sasa munawaambia mambo ya kuuzwa?” Sikumbishia. Nilimwonyesha karatasi ya kaya ya Pierce na rangi za mwanawe. Akaitazama sana. Akaniuliza huyu mwanamke alitoka wapi, nikamwambia. Akauliza tena, alikuwa na watoto? Akasema kambini nao waliandikwa hivyo hivyo, namba ya kadi, ukubwa wa familia, na kwamba siku yake ya kuzaliwa katika hati zote ni Januari mosi kwa sababu mwandishi hakuuliza. Hakuniambia kama amekubaliana nami. Aliomba nakala ya karatasi, nikampa.

Baba mwingine, mzungu, mwenyeji wa hapa, aliandika barua pepe kuuliza kama mwanawe atafanywa ajione mwenye hatia. Ni swali halali na nilimjibu kwa heshima. Nilimwambia mwanawe ndiye aliyegundua kwamba Ester na Joan hawana umri, na kwamba alilitetea wazo lake dhidi ya kundi zima. Nikamwambatanishia kazi yake. Tulionana kwenye mkutano wa wazazi, akaniuliza kama na ukoo wake unaweza kutafutwa katika daftari lile. Tulitafuta pamoja. Haumo, walikuja baadaye.

Kwa wazazi mnaosoma haya: karatasi hiyo inakuja nyumbani kwenye mkoba mwezi wa kumi na moja, imekunjwa, pengine ina alama za juisi. Mwambieni mtoto awasomee, na awaeleze kila rangi ni ya nini. Akikwama Kiingereza, aeleze kwa Kiswahili, hilo nalihesabu kama kazi iliyofanywa. Nyuma ya karatasi kuna nafasi ya swali moja la mzazi kwa Angela. Yaandikeni kwa lugha yoyote, nitayabandika ukutani pamoja na ya watoto.